Utii Uliowasumbua Wakubwa

Lipo shtaka la zamani dhidi ya mimbari za Kikristo za Afrika Mashariki, na nguvu yake haijaisha: kwamba mateso na utii vilihubiriwa ili Mwafrika azoee kuinama. Dhiki yako ni mapenzi ya Mungu, ivumilie. Aliye juu yako amewekwa na Mungu, mtii. Thawabu yako iko mbinguni, ingoje. Asiyeona ukweli wowote katika shtaka hili hajaisoma historia ya ukoloni, kwa maana mahubiri ya namna hiyo yalikuwepo, na yaliwafaa sana watoza kodi na wenye mashamba makubwa. Lakini likichukuliwa kuwa maelezo kamili, shtaka hili linakwama mbele ya historia ya Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki ya Rwanda, na kusambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika kati ya miaka ya 1930 na 1950. Waliohubiri msalaba, kujishusha na utii kuliko wengine wote katika nchi hizi ndio hao hao waliofukuzwa chuoni kwa kukaidi amri, waliokataa kiapo cha msituni na bunduki ya serikali kwa pamoja, na waliomwandikia Idi Amin barua wakati nchi nzima ilikuwa kimya. Hoja yangu ni kwamba mahubiri yao yaliugeuza utii kwa sababu yalifungamanishwa na toba ya wazi, mbele ya watu walio sawa. Mtu aliyezoea kusema kweli yake mwenyewe hadharani, na kurudisha alichoiba, hakuwa tena mtu wa kuamrishwa kwa urahisi. Na palepale palipokuwa na nguvu ya Uamsho ndipo panapoonekana udhaifu wake, kwa sababu toba hiyo ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo iligharimu damu.

Mahali penyewe hapakuwa pa starehe. Gahini iko juu ya ziwa Muhazi, na misheni ya Kianglikana ilipojengwa huko katika miaka ya 1920, Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Daktari Joe Church alifika mwaka 1928, mwaka ambao njaa inayokumbukwa kwa jina la Rwakayihura ilianza kuua watu wa mashariki. Hospitali ikajaa wenye njaa kabla haijajaa wagonjwa wa kawaida. Kwa hiyo mateso hayakuingia katika mahubiri ya Gahini kama fundisho la kitabuni. Yalikuwa yamelala mlangoni. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wahubiri wale hawakuishughulikia njaa kwa kuwaambia watu kwamba ni adhabu, wala hawakuipamba. Waliuliza swali jingine kabisa: kwa nini sisi tunaowahudumia hawa tumekauka hivi? Septemba 1929 Church, akiwa amechoka mwili na roho, alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mzungu daktari na Mwafrika ofisa mdogo, wote wawili wakikiri upungufu uleule, ni kitu ambacho utaratibu wa kikoloni haukukipa nafasi. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri, na mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinaonyesha vizuri mahubiri haya yalivyofanya kazi. Kinuka alikuwa kiongozi wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, na wafanyakazi wale walikuwa na manung'uniko mengi dhidi ya Wazungu na wahubiri wapya. Alipofika Kampala akamweleza Nsibambi matatizo ya hospitali, huyo hakumpa pole, bali alimwambia kwamba ubaya anaouona kule unatoka katika dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe. Kwa masikio ya leo jibu hilo ni gumu, hata la kuudhi. Linafanana na kumwambia mnyonge kwamba kosa ni lake. Lakini tuangalie lilichozaa. Kinuka alirudi Gahini akakiri wizi wa mali ya hospitali, na baada ya hapo akawa miongoni mwa viongozi wakuu wa Uamsho, mwenye sauti sawa na madaktari katika mambo ya roho. Aliyeungama hadharani alikuwa amekwisha kujivua kile ambacho mwajiri angeweza kumshikia. Wala haikuishia kwa Waafrika. Wamisionari nao walianza kukiri mbele ya Waafrika kiburi chao, hasira zao na dharau yao ya rangi. Katika mkutano uliofanyika Gahini mwishoni mwa Desemba 1933 watu walisimama mmoja baada ya mwingine kwa muda wa saa mbili na zaidi wakitubu. Kuanzia hapo kutubu hakukuwa tena jambo la faragha kati ya muumini na padre au mchungaji. Kukawa desturi ya kundi.

Maandiko waliyoyarudia yanaeleza mengi. Sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, inayozungumzia kuenenda nuruni na damu inayosafisha, ilikuwa kwao kama katiba. Kutoka humo walichota mambo mawili yasiyotengana: kwamba ushirika na Mungu hauwezekani bila ushirika wa kweli na jirani, na kwamba nuru maana yake ni kutoficha. Kwa habari ya mateso, waliyaelekeza macho kwa Waebrania, sura ya tano, panaposemwa kwamba Kristo, ingawa alikuwa Mwana, alijifunza utii kwa mateso. Huu ni mstari wa ajabu, na wahubiri wengi huupita haraka. Hausemi kwamba mateso ni mema, wala kwamba aliyeyaleta alikuwa na haki. Unasema kwamba ndani yake Mwana alizidi kuwa Mwana. Na kuhusu kufanywa upya walipenda Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu, ila kwa namna yao: mifupa ile haikuwa wapagani wa nje, bali kanisa lenyewe, wachungaji na wazee wa kanisa wakiwa mbele. Hapo ndipo utii ulipobadilika sura. Katika mahubiri ya kawaida ya misheni, mtii ni anayefuata maagizo ya mkubwa. Katika mahubiri ya Uamsho, mtii ni anayekubali kuonyeshwa kosa lake na nuru, na nuru hiyo ingeweza kushikwa na yeyote: mwanamke asiyejua kusoma, mpishi wa misheni, mwanafunzi. Askofu naye alikuwa chini yake.

Kigozi alilichukua jambo hilo hadi kwenye sinodi. Alikuwa shemasi kijana, na baada ya msimu wa mahubiri makali Kabale na kwingineko mwaka 1935 alitayarisha hoja za kuwasilisha mbele ya wakuu wa Kanisa la Uganda: ubaridi wa kanisa, watu wanaoishi waziwazi katika dhambi na bado wakikaribishwa mezani pa Bwana, na nini kifanywe ili kanisa liamke. Hakuwahi kuzisema mwenyewe. Alifariki Kampala Januari 1936 kwa homa ya papasi, lakini hoja zake zilifikishwa kwenye sinodi, na wito wake wa Kiganda, Zukuka, yaani amka, ukafanywa wito wa misheni kubwa ya mwaka 1937, Waanglikana walipoadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wao wa kwanza kufika Buganda. Kifo kile kilifanya kazi kubwa katika mahubiri yaliyofuata. Si kwa sababu Kigozi aliuawa, maana hakuuawa, bali kwa sababu wenzake walikataa kukililia kama hasara tupu, wakaenda nje wawili wawili na timu kwa timu kuendeleza alichoacha. Juni 1936 Gahini ikawaka moto ambao haukuzimika tena, na mwaka uliofuata timu ilifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 ikafika Katoke, upande wa Bukoba.

Mtihani wa kwanza mkubwa wa utii huo ulikuja mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono kilichoitwa kwa jina la Askofu Tucker. Wanafunzi waliookoka, William Nagenda akiwa mstari wa mbele, walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiriana, na walisema waziwazi kuhusu wizi, uzinzi na mafundisho ya walimu waliyoyaona kuwa yanapunguza uzito wa Biblia. Mkuu wa chuo aliweka kanuni za kuzuia mikutano ya alfajiri na kuhubiri. Walikataa. Watu 26 wakafukuzwa, na Nagenda hakupata kuwekwa wakfu maisha yake yote, ingawa alihubiri katika mabara kadhaa. Wengi wameisoma habari hii kama ya vijana wenye kiburi, na kiburi hakikukosekana. Lakini kinachostahili uzito zaidi ni kile ambacho hawakufanya baada ya kufukuzwa. Hawakuanzisha kanisa lao. Huo ulikuwa wakati ambapo kuhama lilikuwa jambo la kawaida: Reuben Spartas alikuwa ameanzisha kanisa la Kiorthodoksi Uganda mwaka 1929, na upande wa Kenya mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka huohuo ulikuwa umezaa shule na makanisa huru ya Wagikuyu. Waliofukuzwa Mukono walikuwa na wafuasi, wimbo wao wa Tukutendereza ulioimbwa kutoka Kigezi hadi Gikuyu, na sababu ya kutosha. Walibaki ndani ya kanisa lililowafukuza, wakakaa kwenye viti vya walei, wakaendelea kuhubiri bila ruhusa. Hawakutii amri, wala hawakuondoka chini ya mamlaka ya aliyeitoa. Msimamo huo ni mgumu kuliko kuinama na mgumu kuliko kujitenga, na nadhani haukuwezekana ila kwa watu waliofundishwa kwamba kuumia mikononi mwa kanisa lako si sababu ya kulichukia.

Hapa kuna pingamizi zito: mambo ya alfajiri chuoni ni madogo, na watu hawa walikwepa dhuluma halisi za wakati wao, ardhi, kipande, kazi za shuruti na ubaguzi. Wakati wenzao walipopigania nchi, wao walihesabu dhambi za moyoni. Vita vya Mau Mau vinatajwa kama ushahidi. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi waliuawa kwa ajili hiyo, wengine wakapigwa na kunyang'anywa mali. Serikali ya kikoloni na makanisa ya Uingereza yaliwasifu kama waaminifu, na sifa hizo zimewachafulia jina hadi leo machoni pa wengi. Ila wanaowasifu na wanaowalaumu huacha nusu ya habari. Ndugu wale walikataa pia kushika silaha upande wa serikali na kujiunga na vikosi vya wenyeji vilivyopewa bunduki kuwawinda jirani zao. Kwa ofisa wa kikoloni, Mgikuyu asiyekula kiapo na asiyechukua bunduki alikuwa fumbo, na mara nyingine mshukiwa. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha kwamba hata kabla ya vita ndugu hawa waliwakera wazalendo wa makabila yao kwa kutoboa siri za koo na kukataa heshima iliyojengwa juu ya kuficha. Si watu waliokuwa wakitumikia utaratibu. Walikuwa wakiukwaza utaratibu wowote ulioomba uaminifu bila swali.

Hata hivyo pingamizi halijajibiwa lote, na halipaswi kufunikwa. Kuhusu ardhi iliyoporwa walisema kidogo mno. Mlokole, yaani mtu aliyeokoka katika Uamsho, aliyeiba jembe la Mzungu alilirudisha. Mzungu aliyekalia shamba la watu hakuombwa kulirudisha, hata alipokuwa ameketi katika ushirika huohuo akitubu hasira zake. Kisa cha Zakayo, kilichohubiriwa sana kwa sababu ya ile ahadi ya kurudisha mara nne, kilitumika kwa vikombe vya hospitali, ng'ombe na kodi zisizolipwa, na hakikufika kwenye hatimiliki. Sidhani hii ilikuwa hila. Toba ya Uamsho ilimwuliza mtu nini amekifanya yeye, kwa mkono wake, na swali hilo linafika mbali sana mpaka linapokutana na dhambi ambayo hakuna mtu mmoja aliyeifanya, ila wote wanakula matunda yake. Watoto wa Uamsho wenyewe waliliona pengo hilo baadaye. Obadiah Kariuki, aliyeokoka siku za mwanzo za Uamsho Kenya na kuwekwa wakfu kuwa askofu Namirembe Mei 1955, alikuwa shemeji ya Jomo Kenyatta, na viapo viliporudi Gatundu mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa waliovipinga mbele ya Rais Kenyatta. Askofu David Gitari, ambaye hakuficha kwamba wazee wa Uamsho waliikwepa siasa, alichukua ukali uleule wa kusema kweli akauelekeza kwenye katiba na kura. Mahubiri yake ya mwaka 1987 juu ya Danieli na sheria isiyobadilika yalitikisa serikali ya Kenya. Kwa hiyo mbegu ya kupinga ilikuwemo. Ilichelewa kuota kwa sababu wahubiri wa mwanzo walimsoma Yohana kila siku na Amosi mara chache.

Pingamizi la pili ni kwamba toba ya wazi iligeuka sheria mpya, na mara nyingine kali kuliko ile ya misheni. Hili ni kweli, na halihitaji maneno mengi. Kundi linalowauliza watu dhambi zao linaweza pia kuwatawala kwa hizo dhambi. Mavazi, nywele, vito, mbwa wa kulinda nyumba, mikopo: kila kimoja mahali fulani kilifanywa kipimo cha wokovu. Mwaka 1971 ndugu wa Uganda waligawanyika vibaya, waliojiita walioamka upya wakiwaona wenzao wamelala tena, na suala la kukopa fedha likawa mpaka wa ushirika. Katika nchi ya Wajaluo migawanyiko ilitangulia miaka ya 1940 na 1950, na Matthew Ajuoga na wafuasi wake wakatoka kwenye kanisa la Anglikana kabisa. Ninachoweza kusema kwa kuutetea Uamsho ni kwamba migawanyiko hii ilitokea kila mara nuru ilipoacha kuwa ya kujitazama ikawa ya kumulikia wengine. Mahubiri yenyewe yalikuwa yamelionya kundi juu ya hilo, kundi halikusikia.

Upande wa Tanganyika habari ilikwenda kwa utulivu zaidi. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, alifundisha Dodoma tangu katikati ya miaka ya 1940 na kuhubiri kwa Kiswahili mpaka pale ambapo Kiganda kisingefika. Yohana Omari, mwana wa familia ya Kiislamu, aliyewekwa wakfu pamoja na Kariuki mwaka 1955, alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana Tanganyika, na alikuwa mtu wa ushirika. Katika Buhaya, Walutheri walioamshwa walimtoa Josiah Kibira, askofu wao tangu 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Salamu ya Bwana asifiwe, ambayo leo inasikika kwenye mabasi na mazishi bila kujali dhehebu, ilienezwa na watu hawa.

Lakini kipimo cha kweli cha mahubiri juu ya mateso ni pale mateso yanapokuja kutoka kwa mwenye dola. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji wa Kianglikana Nyamata, Rwanda, kati ya Watutsi waliohamishiwa Bugesera kwa nguvu baada ya machafuko ya 1959. Desemba 1963 waasi kutoka Burundi walivamia eneo hilo, na kisasi cha serikali kikawaangukia raia. Kanamuzeyi alichukuliwa na askari Januari 1964 akapigwa risasi. Mwenzake aliyenusurika alisimulia kwamba aliwaombea wauaji wake msamaha. Miaka 13 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wa Amin waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakidai wanatafuta silaha. Luwum alikuwa ameokoka Januari 1948 katika Uamsho wa Acholi. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais barua wakilalamika juu ya upekuzi huo na juu ya mauaji yaliyokuwa yakifanywa na wenye bunduki ambao kazi yao ilikuwa kulinda raia. Tarehe 16 Februari aliuawa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Kivengere, ambaye miaka minne nyuma alishuhudia watu watatu wakipigwa risasi hadharani uwanjani Kabale na akampinga Amin kwa ajili ya hukumu za namna hiyo, alitoroka na mkewe kwa miguu milimani hadi Rwanda. Kabla mwaka haujaisha alitangaza kwamba amemsamehe Amin. Waliomsikia wakadhani amelegea. Hakuacha kuyataja maovu ya Amin kwa majina yake, wala hakusema kwamba Uganda ivumilie. Kwake kusamehe kulikuwa kukataa kumwachia dikteta awe bwana wa chuki yake, na hilo ndilo Waebrania 5 ililokuwa imewafundisha miaka yote.

Inabaki Rwanda ya mwaka 1994, na hakuna hoja juu ya Uamsho yenye haki ya kuipita. Nchi iliyokuwa chimbuko lake iliua watu wake kwa mamia ya maelfu ndani ya siku 100, na makanisa yakawa machinjio. Askofu Mkuu wa Kianglikana, Augustin Nshamihigo, alipokutana na waandishi wa habari Nairobi Juni mwaka huo, alishindwa kuilaani serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji. Askofu Samuel Musabyimana wa Shyogwe alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya Arusha, akafariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa. Inaweza kusemwa kwamba Waanglikana walikuwa wachache katika nchi ya Wakatoliki, na kwamba Uamsho ulikuwa umepoa. Yote mawili ni kweli, na hayatoshi. Roger Bowen, aliyeliongoza shirika lililorithi kazi ya Ruanda Mission, ile misheni ya Kianglikana ya Gahini, aliandika muda mfupi baada ya mauaji kwamba mahubiri ya Uamsho yalifanya dhambi kuwa jambo la mtu binafsi na utii kwa wakubwa kuwa jambo lisiloulizwa. Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo naikubali bila kusita. Nusu ya pili inahitaji kurekebishwa, kwa sababu inakinzana na Mukono, Nyamata na Kampala ya Luwum.

Utii usiouliza haukurithiwa kutoka kwa Kinuka na Kigozi. Ulirudi baadaye, kupitia mlango wa vyeo. Katika ushirika wa awali, kila mtu alikuwa na watu wanaoweza kumwambia: ndugu, hapo umekosea. Waafrika waliopanda kuwa maaskofu walitoka katika ushirika huo, lakini ofisi zao hazikutoka humo. Zilijengwa kwa mfano wa serikali, na huko Rwanda zilikaa karibu mno na chama kilichotawala. Askofu hakuwa tena na mahali pa kukiri mbele ya katekista wake. Kundi nalo, lililokuwa limemwuliza kila mtu kuhusu wizi na uzinzi, halikuwa na desturi ya kuuliza kwa nini kitambulisho chake kina neno Mhutu au Mtutsi, na nani ananufaika na neno hilo. Walokole Wahutu na Watutsi waliomba pamoja kwa miaka 60 na kukiri kuchukiana, nina hakika kwa unyofu. Sheria iliyowagawa haikuitwa mbele kutubu. Wapo waliolijua hilo na kulifanyia kazi. Israel Havugimana, kiongozi wa shirika la uinjilisti nchini Rwanda lililokuwa la ukoo wa kiroho wa Kivengere, alikuwa akiwakutanisha Wahutu na Watutsi kwa ajili ya upatanisho kabla ya mauaji kuanza. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza, nyumbani kwake, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa tayari inajulikana na waliopanga orodha za watu wa kuuawa.